Amplifaya ya Redio ya Zamani: Itambue Hitilafu kabla ya Kumlipa Fundi



Somo hili linahusu kifaa ambacho wengi hawakijui kwa jina, lakini ambacho huweza kukutwa stoo, mnadani au katika mirathi ya mzee aliyekuwa mpenzi wa redio. Ni amplifaya ya redio ya ridhaa: sanduku zito la chuma, lenye mita mbili au tatu usoni, vifundo vikubwa vya kuzungusha, na ndani yake vali za kioo zenye ukubwa wa glasi ya maji. Ikiwa nzima, ni mali ya thamani. Ikiwa mbovu, huweza kula fedha nyingi kwa matengenezo yasiyohitajika. Ikifunguliwa na asiyeijua, inaweza kuua hata kama imechomolewa kwenye umeme.

Tunatoa mifano kutoka Vigwaza, kando ya Barabara Kuu ya Morogoro, penye mizani ya magari makubwa na njia iendayo Bandari Kavu ya Kwala. Katika mji wa njiani kama huo bidhaa iliyotumika hupita mikono mingi, na muuzaji wa leo kesho huwa yuko Chalinze au Morogoro. Mnunuzi hubaki peke yake na kifaa chake. Yanayosemwa hapa yanamhusu vilevile mkazi wa Bagamoyo, Mlandizi au penginepo.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

1. kuitambua amplifaya ya redio na kuitofautisha na ile ya muziki;
2. kujua mambo usiyopaswa kuyafanya wewe mwenyewe;
3. kuzisoma dalili za hitilafu bila kufungua kifuniko;
4. kumweleza fundi tatizo kwa usahihi, na kudai maelezo kabla ya kulipa;
5. kufahamu masharti ya leseni.

1. Kifaa hiki ni nini

Mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa huwasiliana na wenzake duniani kwa redio ya kurushia na kupokea, ambayo kwa kawaida hutoa nguvu ya wati 100 hivi. Amplifaya huwekwa kati ya redio hiyo na antena. Hupokea wati hizo na kuzikuza hadi kufikia mamia ya wati, au hata 1,000. Haipigi muziki, na haina mahali pa kuunganisha spika. Hata hivyo, kwa kuwa nayo huitwa amplifaya, wapo wanaoweza kuinunua kwa ajili ya sherehe. Ukiona mita iliyoandikwa maelfu ya volti, na nyuma yake soketi nene za duara za waya wa antena, basi hicho si chombo cha muziki.

Zilizo maarufu zaidi miongoni mwa za zamani ni Heathkit SB-220 na Collins 30L-1 za Marekani, pamoja na Yaesu FL-2100B na Kenwood TL-922 za Japani. SB-220 na TL-922 hutumia vali mbili za aina ya 3-500Z. FL-2100B hutumia mbili za 572B. Na 30L-1 hutumia nne za 811A. Andika jina na namba ya kifaa chako, kwa kuwa fundi atahitaji mchoro wa aina hiyo hasa.

SB-220 ina jambo la pekee. Ilianza kuuzwa mwaka 1970 ikiwa vipandevipande, na mnunuzi aliiunganisha mwenyewe nyumbani kwa kufuata kitabu. Kwa hiyo hakuna mbili zilizolehemiwa kwa mkono mmoja. Moja huweza kuwa imeunganishwa kwa uangalifu mkubwa, na nyingine ikawa na viungo vilivyolegea tangu siku ya kwanza. Sifa za jina peke yake hazitoshi kukuhakikishia ubora wa kifaa kilicho mbele yako.

Mtu anaweza kuuliza kama vifaa hivi bado vina kazi katika zama za simu ya mkononi. Mwezi Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchini kote. Redio ya masafa mafupi haitegemei nyaya hizo wala minara ya simu. Huduma hiyo ina nafasi yake wakati wa dharura, na ndiyo sababu inafaa vifaa vyake vitunzwe na vitumiwe kwa utaratibu.

2. Hatari inayobaki baada ya kuchomoa plagi

Vyombo vingi vya nyumbani huwa salama kuguswa vikishachomolewa. Amplifaya hii haimo katika kundi hilo. Ndani yake mna transfoma inayopandisha umeme wa ukutani, na safu ya kapasita zinazouhifadhi. Katika SB-220, volteji hiyo hufika karibu 3,000, na kapasita zake nane zilizopangwa mfululizo huwa na uwezo wa jumla wa mikrofaradi 25 hivi. Ukipiga hesabu, nishati inayohifadhiwa ni karibu joule 112. Mashine ya hospitali inayoushtua moyo wa mtu mzima hutoa kuanzia joule 120 hivi. Tofauti ni kwamba mashine ya hospitali hutumiwa na daktari kwa kusudi la kuokoa maisha.

Watengenezaji waliweka rezista za kuuvujisha umeme huo baada ya kifaa kuzimwa. Zikiwa nzima, hufanya kazi hiyo katika muda wa nusu dakika hivi. Lakini rezista iliyokaa miaka 50 huweza kukatika bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje, na hapo umeme hubaki ndani kwa muda usiojulikana. Hali kadhalika, mita ya volteji ya juu huweza kusoma sifuri kwa sababu imeharibika yenyewe. Mita inayosoma sifuri si uthibitisho kwamba umeme umekwisha.

Kwa sababu hizo, tunaweka mipaka ifuatayo:

- Usifungue kifuniko. Kazi ya ndani ni ya fundi mwenye ujuzi wa volteji ya juu na vifaa vya kuthibitisha kwamba kapasita hazina umeme.
- Usiibane wala kuiziba swichi ya usalama iliyo kwenye kifuniko ili kifaa kiwake kikiwa wazi.
- Usiingize bisibisi, waya au kidole katika matundu ya hewa.
- Usiiache mahali ambapo watoto wanaweza kuifikia, hata kama ni mbovu.
- Kapasita kubwa za mafuta zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 huenda zina kemikali ya PCB, ambayo ni sumu. Zisitobolewe wala kuchomwa moto.

3. Uchunguzi wa kwanza: macho, pua na tochi

Uchunguzi wenye faida kubwa zaidi hufanyika kifaa kikiwa hakijaunganishwa na umeme. Hauna gharama, na mara nyingi hutosha kukuonyesha kama ununue au uache.

*Soma kibao cha nyuma.* Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Amplifaya nyingi za Marekani huweza kupangwa kwa volti 120 au 240, na mpango huo hubadilishwa kwa kuhamisha nyaya au vipande vya kuunganishia. Kibao kinachotaja volteji zote mbili hakikuambii kifaa kimepangwa kwa ipi sasa. Kifaa kilichopangwa kwa volti 120, kikichomekwa kwenye 230, hupokea karibu mara mbili ya kinachostahili, na huweza kuungua papo hapo. Hii ni ajali inayoweza kukifika chombo kizima kilichotoka ng'ambo siku ile ile ya kuwashwa.

*Tazama plagi.* Miguu bapa ya Kimarekani ni dalili kwamba huenda kifaa bado kimepangwa kwa volti 120. Adapta ya dukani inayogeuza miguu bapa kuwa miguu mitatu ya mraba haigeuzi volteji. Hugeuza umbo la plagi tu. Mwombe fundi ahakikishe mpango wa transfoma kabla ya kuwasha mara ya kwanza.

*Kagua waya.* Mpira uliopasuka, sehemu iliyofungwa kwa utepe, au waya usio na ethi, yaani waya wa ardhi, ni sababu ya kutosha kutowasha.

*Angalia fyuzi.* Ikiwa kifaa kina fyuzi inayotoka kwa nje, itoe plagi ikiwa imechomolewa. Ukikuta karatasi ya fedha ya sigara au kipande cha waya badala yake, ujue kwamba mwenye kifaa wa zamani alikuwa na hitilafu aliyoshindwa kuitibu, akaamua kuinyamazisha. Usiwashe.

*Nusa, kisha mulika.* Harufu kali ya vanishi iliyoungua huashiria transfoma iliyopata joto kupita kiasi, na transfoma ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuipata. Mulika kwa tochi kupitia matundu ya hewa, bila kuingiza kitu. Tafuta kapasita zilizotuna au kuvuja, masizi, na kutu. Ukanda wetu una unyevu na, karibu na bahari, chumvi hewani. Viota vya nyigu wa udongo, mayai ya mijusi na mikojo ya panya si uchafu tu: vikiwa karibu na volti 3,000, huwa njia ya umeme kuruka.

4. Uchunguzi wa pili: umeme wa nyumba yako

Kabla ya kuilaumu amplifaya, uulize umeme unaoilisha. Tuchukue mfano wa familia iliyo mwisho wa laini Vigwaza. Jioni, majirani wote wakiwa wamewasha taa na friji, volteji inaweza kushuka kutoka 230 hadi 190. Balbu hufifia kidogo na watu huzoea. Lakini vali ya 3-500Z inahitaji volti 5 kuupasha moto uzi wake, na kwa kiwango hicho itapata takribani 4.1. Vali itatoa nguvu ndogo, sauti itasikika mbovu, na atakayeitazama kwa haraka atasema, "Mama, vali zimekufa." Asubuhi yake, umeme ukiwa 230, vali zilezile hufanya kazi.

Mwite fundi umeme mwenye leseni apime volteji kwenye soketi mara mbili: kifaa kikiwa kimezimwa, na kikiwa kinafanya kazi. Ikishuka sana kikiwa kazini, tatizo liko kwenye nyaya za nyumba au laini, na fedha za vali zingepotea bure. Amplifaya inayokula wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 kwenye volti 230. Isichomekwe kwenye kamba ndefu nyembamba ya kurefushia wala kushirikishwa soketi moja na pasi. Kwa upande wa LUKU, saa moja ya matumizi kamili ya wati 2,000 ni uniti 2. Kwa kuwa mtu hazungumzi mfululizo, matumizi halisi huwa pungufu ya hapo.

5. Dalili na maana zake

Ikiwa uchunguzi uliotangulia haukuonyesha hatari, na fundi amethibitisha mpango wa volteji, kifaa kinaweza kuwashwa mbele ya fundi huyo. Simama, tazama, sikiliza, uandike. Dalili unazoziona zitakuongoza kwenye sehemu yenye tatizo.

*Hakiwaki kabisa, hakuna taa wala feni.* Mfuatano wa kukagua ni soketi, plagi, fyuzi au kikata umeme, waya, kisha swichi. Hizi ni sehemu za bei nafuu. Hakuna sababu ya kuzungumzia vali katika hatua hii.

*Fyuzi hukatika mara kifaa kinapowashwa.* Kuna njia fupi ya umeme ndani: mara nyingi dayodi au kapasita iliyoungua, na pengine transfoma. Kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye transfoma.

*Feni haizunguki.* Zima mara moja. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia hubaki ndani kama joto, na vali za 3-500Z haziwezi kustahimili bila upepo. Joto hilo huweza hata kuyeyusha risasi iliyo kwenye miguu ya vali. Feni ni nafuu, na kuichelewesha ndiko kunakozaa gharama.

*Vali moja inang'aa, nyingine giza.* Huenda uzi wake umekatika. Lakini huenda pia mguu wa vali haugusi vizuri soketi, au risasi ya kwenye mguu imelegea kwa joto. Fundi mwangalifu hupima uzi kwa mita kabla ya kutoa hukumu. Kusafisha soketi na kulehemu upya mguu ni kazi ndogo.

*Taa zinawaka, feni inazunguka, lakini mita ya volteji ya juu inasoma sifuri.* Yawezekana dayodi za kunyoosha umeme zimekufa, au mita na rezista zake ndizo mbovu. Kama tulivyosema, chukulia kwamba volteji ipo hadi fundi athibitishe vinginevyo.

*Mita ya mkondo inapanda sana pasipo mtu kusema chochote, mara redio inapobonyezwa kurusha.* Vali zinapita umeme bila breki. Mshukiwa ni dayodi ndogo inayoweka kiwango cha utulivu wa vali. Ni kipande kidogo kisicho na bei, lakini kikiachwa huharibu vali zenyewe.

*Redio inapokea vizuri peke yake, lakini ikipitishwa kwenye amplifaya sauti hufifia au hukatikakatika.* Hii ni dalili ya kawaida kwa kifaa kilicholala miaka mingi. Ndani mna relei, swichi inayovutwa kwa sumaku, inayobadilisha njia kati ya kupokea na kurusha. Ncha zake hupata ukungu na kutu. Kusafisha au kubadilisha relei hutosha.

*Nguvu inayotoka ni ndogo na mita ya gridi iko juu.* Mara nyingi huu ni urekebishaji mbaya wa vifundo au antena isiyolingana. Jibu hupatikana kwa kuiondoa antena na kuweka mzigo bandia, yaani rezista kubwa inayomeza nguvu bila kuirusha hewani. Ikiwa kifaa kinatoa nguvu kamili kwenye mzigo bandia, basi amplifaya ni nzima na antena ndiyo mbovu.

*Mlio wa cheche au kishindo.* Zima. Sababu huweza kuwa vumbi, unyevu, mdudu, au vali iliyoingiwa na hewa kwa kukaa muda mrefu. Kurudia kuwasha ili kusikia tena ni hatari.

*Redio mpya iliyounganishwa na amplifaya ya zamani imeacha kurusha.* Katika SB-220, waya unaoamuru relei huwa na volti zaidi ya 100. Redio nyingi za kisasa zimeundwa kuhimili kiasi kidogo sana ya hapo. Kuunganisha moja kwa moja huiunguza redio mpya. Kuna sakiti ndogo ya kuwekwa katikati, na fundi aulizwe juu yake kabla ya kuunganisha.

6. Kwa nini vali isiwe mshtakiwa wa kwanza

Vali huonekana, hung'aa, na kila mtu anajua kwamba huchakaa. Ndiyo sababu lawama huiangukia upesi. Lakini ukirejea orodha iliyotangulia, utaona kwamba dalili nyingi zina chanzo kingine kilicho nafuu zaidi: fyuzi, feni, relei, dayodi, soketi, antena, au umeme wa nyumba.

Vali za aina hizi huagizwa kutoka nje, na ni miongoni mwa sehemu ghali za kifaa. Aidha, kuweka vali mpya juu ya hitilafu isiyotibiwa ni kuzipoteza nazo. Ikiwa feni imekufa, au dayodi ya utulivu imeungua, vali mpya zitafuata njia ya zile za kwanza. Mmiliki atalipa mara mbili na asipate huduma.

Kwa hiyo usikubali kununua vali mpaka fundi awe amekuonyesha mambo matatu: volteji ya soketi kifaa kikiwa kazini, kipimo cha uzi wa vali, na nguvu inayotoka kwenye mzigo bandia. Ikiwa vali ni mbili na moja tu inashukiwa, fundi anaweza kuzibadilishana nafasi. Hitilafu ikihama pamoja na vali, vali ni mbovu. Ikibaki mahali pake, vali haina kosa.

7. Jirani yako na leseni yako

Amplifaya mbovu haimdhuru mmiliki peke yake. Kifaa kilichorekebishwa vibaya hurusha, pamoja na masafa kilichokusudiwa, mazidisho ya masafa hayo. Mtu anayerusha kwenye megahezi 14.2, zidisho lake la saba ni 99.4, ambayo iko katikati ya redio za FM. La tisa ni 127.8, ambayo iko katika eneo la mawasiliano ya marubani. Jirani atalalamikia redio au king'amuzi chake. Rubani anayekaribia Dar es Salaam hana nafasi ya kulalamika kwanza.

Kwa sababu hiyo masafa ya redio nchini husimamiwa kwa sheria. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilianzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 2003, na matumizi ya masafa huongozwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Tunasisitiza mambo manne:

- Kununua au kurithi amplifaya si ruhusa ya kurusha. Leseni ni ya mtu na hairithiwi pamoja na kifaa.
- Mwenye leseni ya redio ya ridhaa nchini hupewa alama ya wito inayoanza na 5H, naye huitaja anapozungumza.
- Uwezo wa kifaa haupandishi kiwango chako. Nguvu unayoruhusiwa ni ile inayotajwa katika leseni yako, hata kama kifaa kinaweza kutoa zaidi.
- Majaribio ya matengenezo yafanyike kwenye mzigo bandia, si kwenye antena.

Ukiwa huna leseni na kifaa kimo mikononi mwako, usikiwashe kurusha "kwa kujaribu tu". Fika ofisi ya Mamlaka ya kanda yako uulize utaratibu wa leseni, au wa kumuuzia mwenye leseni.

8. Haki zako mbele ya muuzaji na fundi

Unaponunua, mwombe muuzaji stakabadhi yenye jina la kifaa, namba yake, hali yake kama ilivyoelezwa, na tarehe. Neno "inafanya kazi" liandikwe pamoja na maelezo: imepimwa wapi, kwa volteji gani, na ilitoa nguvu kiasi gani. Muuzaji akikataa kuandika analolisema kwa mdomo, umeshapata jibu.

Unapompelekea fundi, mpe karatasi yenye dalili ulizoziandika. Kisha umuulize:

1. Je, una leseni ya kutengeneza vifaa vya mawasiliano, na umewahi kushughulikia volteji ya juu?
2. Je, unao mchoro wa kifaa hiki?
3. Gharama ya uchunguzi ni kiasi gani, mbali na ya matengenezo?
4. Utanipigia kabla ya kununua sehemu yoyote?
5. Je, nitarudishiwa sehemu zote zilizotolewa?
6. Dhamana ya kazi yako ni ya muda gani?

Swali la tano lina uzito wake. Vali iliyotolewa ni mali yako. Fundi anayesema "vali zimekufa" na kisha asizirudishe, amekuondolea uwezo wa kuthibitisha. Huenda zilikuwa nzima.

Ukitokea mgogoro, anza kwa maandishi kwa muuzaji au fundi mwenyewe, ukibaki na nakala. Usiporidhika, masuala ya udanganyifu katika biashara na ulinzi wa mlaji hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC) kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Masuala ya leseni na mwingiliano wa masafa huletwa kwenye Mamlaka ya Mawasiliano.

9. Kutengeneza, kuuza au kuacha

Si kila kifaa cha zamani kinastahili kufufuliwa. Kwa kawaida, ikiwa transfoma ni nzima na vali zinapima vizuri, matengenezo hulipa, kwa kuwa yaliyobaki ni vipande vidogo na usafi. Ikiwa transfoma imeungua, omba makadirio ya maandishi kabla ya kuamua; mara nyingi ni busara kukiuza kwa mwenye leseni anayehitaji vipuri, ukimweleza ukweli wa hitilafu. Kisichofaa tena kisitupwe jalalani wala kuvunjwa kwa nyundo: kapasita huweza kuwa na umeme, na vioo vya vali hukata. Kipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Maswali ya kujipima

1. *Amplifaya imechomolewa jana na mita inasoma sifuri. Je, ni salama kufungua?* La. Rezista za kuvujisha umeme huweza kuwa zimekatika na mita ikawa mbovu. Mwachie fundi.

2. *Umenunua amplifaya yenye plagi bapa na muuzaji amekupa adapta. Je, uwashe?* La. Adapta haibadilishi volteji. Hakikisha kwanza mpango wa transfoma.

3. *Nguvu ni ndogo jioni, asubuhi ni nzuri. Utaanzia wapi?* Kwenye volteji ya soketi, kabla ya kugusa vali.

4. *Redio inapokea vizuri peke yake lakini si kupitia amplifaya. Mshukiwa ni nani?* Ncha za relei.

5. *Fundi amebadilisha vali mbili na anataka alipwe. Utadai nini?* Vali za zamani, vipimo vya kabla na baada, na stakabadhi yenye dhamana.

6. *Umerithi kifaa pamoja na leseni ya marehemu. Je, unaweza kurusha?* La. Omba leseni yako mwenyewe.